Kabla ya Makumbusho, Kaulize Wazee

Nilifundisha historia hapa Songea hadi nilipostaafu, na kila ilipokaribia Februari wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa na swali moja: "Mwalimu, makumbusho tunakwenda lini?" Tarehe 27 Februari mji huu huwakumbuka viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na Makumbusho ya Majimaji tunayafikia kwa miguu. Hakuna mchango wa basi, hakuna barua kwa mzazi. Kwa mwalimu mvivu ni ziara tamu kweli. Mwongozaji anasimulia, watoto wananakili maandishi ya ukutani, saa sita wamesharudi darasani na maelezo yaleyale yaliyomo kitabuni.

Ziara ya masomo haikuanza hivyo nchini. Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa mwaka 1968, na waliokwenda hawakwenda kusikiliza mwongozaji, kwa sababu hakuwapo.

Chuo Kikuu pale Mlimani kilikuwa bado kichanga, na wasomi wake hawakuwa wamekaa vizuri na Serikali. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400. Machi 1967 akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule inamtenga kijana na watu wake. Mwaka uliofuata idara ya historia, wakiwamo Gilbert Gwassa na John Iliffe, ikawatuma wanafunzi vijijini: Umatumbi, Ungindo, Ungoni na kwingineko, wakakae na wazee na kuandika wanachoambiwa kuhusu vita vya Majimaji.

Wakati ulikuwa unayoyoma. Vita vilianza Julai 1905, watu walipong'oa pamba huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi. Aliyekuwa na miaka kumi siku ile, mwaka 1968 alikuwa na zaidi ya sabini. Kumbukumbu nyingi zilizoandikwa zilikuwa za Wajerumani, na maofisa wao wengi walipenda kuutupia uganga lawama yote: maji ya dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, ushirikina, basi. Wazee walianzia kwingine kabisa. Walianza na shamba. Walisimulia kulima pamba ya jumbe kwa lazima, viboko vya akida, na ujira ambao mtu akiupokea anaona anatukanwa. Huko Uzaramo mlimaji aliambulia senti 35 kwa kazi ya mwaka. Maji yalikuja baadaye, kuwaunganisha watu ambao tayari walikuwa na hasira.

Karatasi za wanafunzi wale zilikusanywa mwaka 1969, na hata leo mtafiti wa Majimaji hawezi kuzikwepa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyekwenda kuuliza alirudi na kitu ambacho mwalimu wake hakuwa nacho. Hapo ndipo ninapoitofautisha ziara ya masomo na matembezi.

Miaka yangu ya mwisho kazini nikageuza utaratibu. Kabla ya makumbusho, kila mmoja aulize nyumbani kwao: vita vile mlivisikiaje? Wengi walirudi mikono mitupu, wengine wamenakili kitabu wakapachika jina la babu. Lakini binti mmoja alimwuliza bibi yake habari za risasi, naye akamjibu, "Mjukuu wangu, risasi anazijua aliyepigwa. Sisi tulirithishwa habari za njaa." Akamtajia mizizi ya porini, jinsi inavyolowekwa na maji kumwagwa mara kwa mara ili sumu itoke. Binti aliandika hatua zote, pamoja na aina ya chungu.

Darasani tukarudi kwenye hesabu ya waliokufa. Wajerumani walikadiria 75,000. Gwassa alifikisha kati ya 250,000 na 300,000. Mwaka baada ya mwaka wanafunzi wangu walikuwa wakizikariri tarakimu hizo bila kushtuka. Safari hii kijana mmoja akauliza kwa nini zinapishana kiasi hicho, na kabla sijafungua mdomo binti yule akamjibu: askari walichoma mashamba na maghala, na waliokufa kwa njaa hakuna ofisa aliyewahesabu mmoja mmoja. Sikuongeza neno, nikaandika jibu lake ubaoni.

Siku hizi walimu vijana hunipigia wakiulizia nani atawaongoza makumbusho. Huwaambia aliyeviona vita hayupo tena, lakini koo zipo. Waanze na maswali madogo: ukoo wenu ulihamia hapa kutoka wapi, lini, ukikimbia nini, mlima gani walijificha, chakula gani bibi anakataa kukipika na kwa nini. Makumbusho yasubiri wiki ya pili, watoto wakiwa na jambo la kubishana na mwongozaji.