Waso na Kiyira: Mito Miwili na Ibada ya Wahindu

Mtu aliyezaliwa Isiolo hahitaji mwanachuoni wa kumfundisha kwamba maji ni kitu cha kutukuzwa, kwa kuwa mji wenyewe umekaa mpakani, nyuma yake Mlima Kenya na mashamba ya Wameru, mbele yake nchi kavu inayoendelea hata Moyale na Wajir, na uhai wa nchi hiyo unategemea Ewaso Nyiro, mto ambao maji yake hutoka Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Archer's Post na maporomoko ya Chanler, huteremka Merti, kisha hupotea katika kinamasi cha Lorian bila ya kuiona bahari. Waborana huuita Waso, na nchi yao wakaiita kwa jina hilo hilo. Mvua zikikawia, mto hukatika, na wanawake hufukua mchanga wake kwa mikono na sufuria hata wakapata maji ya kunywesha mbuzi. Zikikawia zaidi, Waislamu hutoka uwanjani kuswali sala ya kuomba mvua, na wazee wa Kiborana na wa Kisamburu hukaa vivulini wakaomba kwa namna walizorithi.

Pamoja na ibada zote hizo za kando ya Waso, moja haikupata kuota mizizi, nayo ni ile ya Wahindu, watu ambao kati ya mataifa yote ya dunia wamezidi kuufanya mto kuwa mahali pa kusujudia. Na sababu yake haikuwa ya dini bali ya serikali. Sheria ya Wilaya za Nje ya mwaka 1902 ilimzuia mtu asiyekuwa mwenyeji kuingia katika nchi za kaskazini pasipo cheti, na mwaka 1926 wilaya yote ya mpaka wa kaskazini ikatangazwa kuwa imefungwa. Isiolo ilikuwa mlango wa boma hilo: hapo ng'ombe na kondoo waliotoka kaskazini walizuiliwa na kukaguliwa kwa kuogopewa maradhi, na hapo Wasomali wa koo za Isaaq na Herti waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa makazi. Wahindi, kwa upande wao, walifuata reli. Baina ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa vibarua wapatao 32,000 kuijenga njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wapatao 2,500 walikufa kwa maradhi, kwa ajali na kwa simba, na 6,700 hivi wakabaki. Palipokuwa na stesheni pakawa na duka, na palipokuwa na maduka kadha wa kadha pakajengwa hekalu. Tawi la reli lililoelekea kwetu liliishia Nanyuki, na hapo ndipo hekaya ya Wahindu na Waso ilipokatikia.

Basi mtu wa Isiolo atakaye kuiona ibada hiyo kando ya mto, na asiwe na nauli ya kwenda Banaras, kule India, sharti aelekee magharibi mpaka Jinja, mahali ambapo maji ya Ziwa Victoria huanza safari ya kuwa Mto Nile. John Hanning Speke alifika hapo mwezi wa Julai 1862, akayapa maporomoko yake jina la Ripon, ilhali Wasoga walikuwa wakiuita mto huo Kiyira na kuuheshimu karne nyingi kabla ya yeye kuzaliwa. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya Busoga kutoka Jinja kwenda Namasagali. Pamba ikatoka bara ikaingia viwandani, na wafanyabiashara wa Kigujarati wakazidi kuja. Nanji Kalidas Mehta akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafanya vivyo hivyo Kakira miaka michache baadaye. Utajiri huo ulizaa mahekalu na shule, na mji ukapata majumba yenye baraza na nguzo ambayo mengine yangalipo, rangi zimepauka lakini majina ya wenyewe na miaka ya kujengwa bado yasomeka juu ya milango.

Mohandas Gandhi aliuawa Delhi tarehe 30 Januari 1948. Mwili wake ulichomwa kando ya mto Yamuna, na majivu yake mengi yakatiwa Allahabad, katika makutano ya Yamuna na Ganga. Lakini sehemu yake iligawanywa katika mito mingine, na moja ya sehemu hizo ilivuka bahari ikatiwa katika Nile hapo Jinja, mwaka ule ule. Yafaa kukumbukwa kuwa wakati ule maporomoko ya Ripon yalikuwa yangali yakinguruma, kwa maana bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, ndilo lililoyafunika kwa maji. Hata mtu anayesimama leo mahali pale huona maji mapana yanayokwenda kwa utulivu, wala hawezi kudhani kwamba palikuwa na kelele.

Nilipofika Jinja, jamaa wa nyumba moja walikuwa wamekuja na majivu ya maiti wao katika chombo cha shaba kilichofungwa mdomo kwa kitambaa chekundu. Pandit wao, yaani kuhani, alipanga katika sinia mchele, ufuta mweusi, maua ya manjano, nazi, kafuri, na tambi ya pamba iliyolowa samli. Mwana mkubwa wa marehemu alivua viatu, akauhamisha uzi wake mtakatifu kutoka bega la kushoto hadi la kulia, akaelekea kusini, upande unaohesabiwa na Wahindu kuwa wa wafu, akawa anamimina maji yenye ufuta yakapita baina ya kidole gumba na cha shahada. Kisha wakapanda mashua. Mwendesha mashua alikuwa Msoga. Walipofika penye mkondo alizima injini bila ya kuambiwa, akavua kofia akaiweka magotini. Majivu yakamiminwa, maua yakafuata, na pandit akaizungusha taa mara kadha huku akipiga kengele ndogo kwa mkono wa kushoto. Mimi ni Mwislamu, na kwa mafundisho niliyoyapokea maiti huzikwa wala hachomwi; walakini sikuona hapo jambo la kumshangaza mtu aliyekwisha kusimama mbele ya jeneza. Ibada yenyewe ni nyepesi ukiilinganisha na ile ya Banaras, katika ngazi za Dashashwamedh, ambako kila magharibi makuhani waliojipanga safu huinua mataa ya shaba yenye ghorofa mbele ya maelfu ya mahujaji. Jinja hakuna maelfu, na nadhani hiyo ni sudi kwa wafiwa.

Wako watakaosema kwamba hata kama reli ingalifika Isiolo, Wahindu wasingaliuchagua mto unaokauka. Hoja hiyo haina nguvu. Katika mji wa Gaya, nchini India, uko mto Phalgu, ambao tangu zamani sehemu kubwa ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu, na hekaya yasema kwamba Sita, mke wa Rama, aliulaani ukaenda chini ya ardhi. Walhali mahujaji huufuata kutoka pande zote ili kuwatolea wazazi wao matonge ya wali, na zamani wakitaka maji walichimba mchangani kwa mikono, kama wachimbavyo mama zetu chini ya Archer's Post. Kilichokosekana Waso si maji, ni watu wenye kuzika kumbukumbu zao hapo.

Na watu huondolewa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda; maduka ya Jinja yakafungwa au yakachukuliwa na wengine, na mahekalu yakabaki bila ya waumini. Wachache walirejea baada ya mwaka 1986, serikali mpya ilipowaalika, na mwaka 1997 Inder Kumar Gujral, waziri mkuu wa India wa wakati huo, akafunua kando ya mto sanamu ya Gandhi, kichwa na mabega. Wasoga hawakuiona ibada ya Wahindu ya mtoni kuwa ya kigeni sana, maana wao wenyewe huamini kwamba katika maporomoko ya Bujagali, kidogo tu chini ya Jinja, hukaa roho iitwayo Budhagali. Bwawa jingine lilipojengwa huko likazinduliwa mwaka 2012, maporomoko hayo nayo yalizama, na kabla ya hapo zilifanywa sherehe za kuihamisha roho, ijapokuwa mganga aliyehesabiwa kuwa kiti chake alikataa katakata kuzikubali.

Waso nao uliwekewa mpango wa bwawa kubwa, hapo Crocodile Jaws, ambapo Isiolo, Laikipia na Samburu hukutana, ili maji yake yaufae mji wa mapumziko uliokusudiwa kujengwa Isiolo. Wafugaji wa upande wa chini waliupinga, wakihofia Merti na Lorian zisipate tone. Na tangu mwaka 2013 imekuwako desturi ya watu kuufuata mto kwa miguu siku kadha, ngamia wao wamebeba mizigo, wakitua kijiji hadi kijiji kuzungumza habari za maji. Wamo Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali, na kila penye kituo, kabla ya maneno kuanza, mzee wa mahali hapo huomba dua kwa lugha yake na wenzake huitikia.