Siku ya Wachangia Damu Duniani

Siku ya Wachangia Damu Duniani huadhimishwa kila tarehe 14 Juni ili kuwashukuru wanaotoa damu kwa hiari, bila malipo, na kuwavuta wengine. Ilianza mwaka 2004. Mwaka uliofuata Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaitambua rasmi.

Tarehe 14 Juni ndiyo aliyozaliwa Karl Landsteiner (1868–1943), daktari wa Vienna. Mwaka 1901 alionyesha kuwa damu za binadamu zina makundi, na kwamba zisizopatana zikichanganywa chembe zake hushikamana. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Uhamasishaji hauishii Juni. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwa takriban siku 42 tu, hivyo benki ya damu haiwezi kujiwekea akiba ya mwaka mzima. Nchini Tanzania na Kenya, wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa. Shule zikifungwa akiba hushuka, huku kina mama waliotokwa na damu nyingi wakijifungua, watoto wenye malaria kali na majeruhi wa ajali wakizidi kufika wodini.

Zimbabwe ilikuja na mbinu yake mwaka 1989: vijana waliahidi kuchangia mara 25 hadi kufikia umri wa miaka 25. Mtindo huo, maarufu kama Klabu ya 25, umeenea nchi nyingi.

Tanzania humruhusu mwanamume kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende.