Kuapgredi ama Kutulia? Vile Msee wa Kuunda Apu Kitale na Bungoma Anafaa Kuamua

Saa tano usiku, uko kwa keja Kitale, lapi yako ya ex-UK iko kwa mapaja, na kesho asubuhi unafaa kuwa Bungoma kuonyesha klaenti apu yake. Terminal inakuambia kuna Flutter mpya. Kichwa inakushow, "Weka tu, si ni komandi moja." Manze, toa mkono kwa kibodi.

Naongea hivi juu nilishafanya hiyo makosa. Niliandika flutter upgrade usiku, bando ikaisha katikati, nikanunua ingine, na asubuhi nikiwa kwa matatu hapo Kiminini Gradle bado ilikuwa inavuta vitu. Kufika Bungoma, apu haikufunguka. Klaenti alikuwa mama wa duka. Akaniangalia tu, akasema, "Rudi ikiwa tayari, kijana wangu." Nikitafuta siku ya kurudi, alikuwa ashapata msee mwingine. Hakuna mtu alinikosea hapo. Nilichagua siku mbaya.

Hii makala ni ya kukusaidia kuchagua siku poa.

Unaapgredi nini haswa?

Apu ya Android na iPhone inayotoka kwa kodi moja (kodi ya programu, sio ile ya KRA) huwa imesimama juu ya vitu vingi:

- Fremuweki yenyewe: Flutter ya Google, React Native iliyotolewa na Facebook 2015, ama .NET MAUI ya Microsoft.
- Lugha: Dart, JavaScript, C#.
- Vyombo vya Android: Gradle, plagini yake ya Android, Kotlin na JDK.
- Pakeji za watu wengine: kamera, ramani, notifikesheni, malipo ya M-Pesa.
- Upande wa iPhone: Xcode, na hiyo inataka Mac.

Shida ni kwamba hizi vitu zimeshikana. Ukivuta moja, ingine inakuja. Mfano ya ukweli: plagini ya Android ya Gradle ilipofika toleo la 8 mwaka wa 2023, ilianza kudai JDK 17 na kila pakeji iwe na namespace yake. Pakeji nyingi za zamani za Flutter hazikuwa nayo. Kwa hivyo msee alidhani anaapgredi kitu moja, kumbe ameamsha ukoo mzima.

Soma namba, lakini usiziamini sana

Kawaida toleo huandikwa namba tatu, kama 3.24.3. Ya mwisho ikibadilika, hiyo ni kurekebisha bagi. Ya kati ikibadilika, kuna vitu vipya. Ya kwanza ikibadilika, jipange, kuna kodi itavunjika.

Lakini Flutter haifuati hiyo sheria kabisa. Kutoka 3.7 kwenda 3.10, Mei 2023, ilionekana ni hatua ndogo. Kumbe 3.10 ilikuja na Dart 3, na Dart 3 ilikataa kabisa kodi yote isiyo na null safety. Hiyo null safety ilikuwa imeingia Machi 2021 na Flutter 2. Yaani watu walipewa miaka miwili kujipanga. Wenye walihama polepole hawakuhisi kitu. Wenye walingoja mpaka mwisho walikesha.

React Native nayo bado iko kwa 0 na kitu. Hapo namba ya kati ndio kubwa. 0.76, Oktoba 2024, ilifanya muundo mpya wa ndani kuwa wa kawaida, na pia ikaacha simu zenye Android chini ya 7.

Funzo: kabla uguze, soma ukurasa wa mabadiliko ya toleo lenyewe. Ni dakika kumi na haili bando.

Wakati huna choice

Kuna siku unaapgredi hata kama hutaki. Ziko nne.

Ya kwanza ni Play Store. Google husukuma kiwango cha Android chenye apu inafaa kulenga, na deti imezoeleka kuwa 31 Agosti. 2023 ilikuwa API 33, 2024 ikawa 34, 2025 ikawa 35, yaani Android 15. Ukipitwa na hiyo deti, huwezi tuma apdeti. Ukibaki nyuma zaidi, apu yako haionekani tena kwa watu wapya wenye simu za Android mpya kuliko ile unalenga. Wenye walishaiweka wataendelea kuitumia, lakini mteja mpya pale Kanduyi anaitafuta na haioni.

Ya pili ni sheria za kiufundi za ghafla. Kutoka 1 Novemba 2025, apu mpya na apdeti zinazolenga Android 15 kwenda juu zilianza kudaiwa zisapoti kurasa za memori za KB 16. Kodi yako ya Dart haiguswi hapo, lakini pakeji yoyote yenye faili za .so za zamani itakusumbua. React Native ilianza kusapoti hiyo kwa 0.77. Apple pia iko na zake: 24 Aprili 2025 App Store ilianza kukataa apu zenye hazikuundwa na Xcode 16 kwenda juu.

Ya tatu ni chombo kufa. Xamarin ya Microsoft ilikufa rasmi 1 Mei 2024. App Center, yenye wasee wa React Native walikuwa wanatumia kutuma CodePush, ilifungwa 31 Machi 2025. Chombo kikitangaziwa mazishi, hesabu miezi iliyobaki na uhame ukiwa bado na nafasi.

Ya nne ni usalama. Pakeji inayoshika pesa ama data ya watu ikitolewa shimo, usingoje msimu. Apgredi hiyo pakeji pekee, uache zingine.

Wakati unafaa kutulia

Kama hakuna moja ya hizo nne, uko na ruhusa ya kungoja. Tulia kama:

- Toleo limetoka wiki hii. Flutter hutoa toleo thabiti kama mara nne kwa mwaka, na baada ya kila moja kuna marekebisho madogo yanafuata. Acha ifike .2 ama .3 ndio uingie.
- Pakeji moja muhimu bado haijasapoti. Andika flutter pub outdated uone ni gani iko nyuma. Kama ni ile ya malipo, ngoja.
- Lapi yako haiwezi. Android Studio ya siku hizi inataka angalau GB 8 za RAM. Ukiwa na 4, zima imuleta na utumie simu yako na waya ya USB. Hiyo pia inakuokolea bando, juu picha moja ya imuleta inaweza kupita GB 1.
- Wateja wako wako na simu ndogo. Watu wengi huku walianza na simu za Lipa Mdogo Mdogo na zingine za Android Go, RAM kidogo, nafasi kidogo. Ingia Play Console ucheki ni Android gani wanatumia kabla ufungie mtu nje. Linganisha pia MB za apu kabla na baada.

Ukitulia, usipitilize. React Native hushughulikia matoleo matatu ya mwisho tu, na hutoa mpya kila miezi miwili hivi. Kuruka toleo moja ama mbili ni sawa. Ukiruka kumi, hiyo si apgredi tena, ni kuunda apu upya bila kulipwa.

Fuata kalenda ya huku kwetu

Hii ndio sehemu huwezi pata kwa tutorio ya msee wa California. Apu ya hapa inatumika kulingana na mvua na shule.

Kama klaenti wako ni agrovet Kitale, Februari mpaka Aprili watu wananunua mbegu na fatalaiza. Usiguze kitu. Oktoba mpaka Disemba ni kuvuna, kukausha na kuuza mahindi. Kama apu ni ya kurekodi magunia, pia usiguze. Kama ni ya karo ya shule Bungoma, ogopa Januari, mwisho wa Aprili na mwisho wa Agosti, wakati shule zinafunguliwa.

Sasa weka hizo zote pamoja na 31 Agosti ya Google. Dirisha yako iko wazi: Juni na Julai. Mahindi iko shambani, agrovet imepoa, shule ziko katikati ya muhula. Pia Flutter imekuwa ikitoa toleo mwezi wa Mei, kwa hivyo kufika Julai marekebisho yashaingia. Ukingoja Agosti, utakuwa unapigana na Gradle wiki ile wazazi wako kwa foleni ya kulipa karo.

Vile ya kufanya bila kulia

Mkulima wa Trans Nzoia hatoi H614 kwa shamba yote juu ameskia kuna mbegu mpya. Anapanda kona kwanza. Fanya hivyo:

1. Tunza kodi yako kwa Git na uhakikishe pubspec.lock ama package-lock.json iko ndani. Hiyo ndio picha ya mambo vile yalikuwa yakifanya kazi.
2. Fungua branchi mpya. Kama ni Flutter, tumia FVM, inakuwezesha kuwa na matoleo mawili kwa lapi moja. Apu ya klaenti ibaki kwa la zamani mpaka ujue.
3. Panda kitu moja kwa wakati. Fremuweki, jaribu. Gradle, jaribu. Pakeji, jaribu. Ukipanda zote mara moja, hutajua ni gani imeuma.
4. Tumia vya bure. dart fix --dry-run inakuonyesha mabadiliko kabla iyafanye. React Native iko na Upgrade Helper, inakuonyesha mstari kwa mstari.
5. Vuta vitu ukiwa mahali kuna Wi-Fi, na stima ikiwa iko. Gradle pekee inaweza kupita MB 100.
6. Jaribu kwa simu mbaya zaidi unaweza pata. Lipa na M-Pesa kweli, hata kama ni bob moja. Zima data katikati uone itafanya nini.
7. Ukituma Play Store, toa kwa asilimia 5 ya watu kwanza. Ikiharibika unaisimamisha. Kumbuka huwezi rudisha toleo la zamani hivi hivi. Lazima utume tena na namba kubwa zaidi, hata kama kodi ni ile ya kitambo.

Na hii ongea na klaenti mapema: apgredi ya kila mwaka ni kazi, na kazi inalipwa. Iandike kwa makubaliano kabla uanze apu, pamoja na mwezi utaifanya. Wasee wengi huku huunda apu kwa bei moja, halafu Agosti ikifika wanapigiwa simu na hawana hamu ya kushika. Klaenti anaona ametapeliwa, wewe unaona unatumikishwa bure.

Kwa kifupi

Kama kuna deti ya stoo, chombo kinakufa ama shimo la usalama: apgredi, na uanze mapema. Kama toleo ni jipya sana, pakeji ya malipo bado ama msimu umewaka: ngoja. Kama hakuna presha yoyote: weka Juni ama Julai kwa kalenda ya simu saa hii, kabla usahau.

Na kama kesho uko na demo, funga hiyo lapi ulale.