Mzigo na Furushi: Kuisoma Wagalatia 6 Tabora

Wagalatia 6 huwasumbua walimu wa Biblia. Mstari wa 2 Paulo anataka waumini wachukuliane mizigo. Mstari wa 5 anasema kila mtu ana wake wa kubeba. Mwalimu mvivu huchagua mmoja kulingana na haja ya siku. Nimeshausikia huo wa 5 ukitolewa kama jibu kwa wajane wanaoomba msaada wa karo.

Na Tabora, jamani, ni mji uliosimama juu ya mabega ya watu. Karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa miezi mitatu hivi kwa miguu. Wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, si watumwa, jambo tunalolichanganya sana. Mpagazi alibeba mzigo wa tajiri, kilo 30 au zaidi, na pamoja nao vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula kidogo. Akiugua njiani, ule wa tajiri uligawanywa kwa wenzake au ukatafutiwa mtu mwingine. Hata Mapadri Weupe waliopita Tabora mwaka 1878, wakielekea Ujiji na Buganda, mali zao zilikuja kwa wapagazi.

Watafsiri wa Union Version ya 1952 waliiona tofauti hiyo: mstari wa 2 wakaandika mizigo, wa 5 furushi. Kigiriki nacho kina maneno mawili, baros na phortion. Mtu angeishia hapo akapigiwa makofi. Ila phortion hilohilo, kwenye Mathayo 23, ndiyo mizigo mizito ambayo walimu wa sheria wanawatwika watu! Kwa hiyo kamusi haitoshi, na wapagazi wangu hawatoshi.

Inabidi kuanzia mstari wa 1. Paulo anamzungumzia mtu aliyenaswa katika kosa, ambaye wenzake wamrejeshe kwa upole. Mstari wa 4 kila mmoja apime kazi yake, aache kujilinganisha na jirani. Furushi basi ni hesabu nitakayoitoa mimi juu yangu. Halinipi ruhusa ya kumpita aliyeelemewa.

Wanaoupenda mstari wa 5 huukumbuka vizuri sana wa 6, unaomtaka mwanafunzi amshirikishe mwalimu wake mema yote. Wa 10, unaotaka watu wote watendewe mema, nadra kuusikia ukisomwa siku hiyohiyo.