Haki ya Mwanamke: Jasho, Maneno na Viti

Hapana jambo linalozungumzwa sana katika semina na mabaraza ya siku hizi kama usawa wa jinsia. Wazungumzaji wake aghalabu ni makundi mawili. Kundi la kwanza hunena kwamba fikra hii ni ya Wazungu, nayo imeletwa pamoja na fedha za wafadhili ili ivunje nyumba zetu. Kundi la pili husema kana kwamba kabla ya Mkutano wa Beijing wa 1995 mwanamke wa nchi hii alikuwa amelala, akingoja kuamshwa. Makundi haya hugombana kila siku, lakini yameafikiana katika kosa moja: yote mawili huamini kwamba dai la haki ya mwanamke halina mizizi katika udongo wetu. Historia yayakanusha yote.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1955, TANU ikiwa bado changa, John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam na kuwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Swali lilikuwa la mgeni, lakini jibu lilikuwa la wenyeji. Bibi Titi Mohamed, aliyejulikana mjini kwa uimbaji wake katika ngoma ya lelemama, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Vikundi hivyo vilikuwa na wakubwa wake, michango yake, sare zake na desturi ya kusaidiana katika harusi na matanga. Havikuhitaji mtu wa kuvifundisha maana ya umoja. Kwa njia hiyo maelfu ya wanawake, ambao wengi wao hawakupata kuingia darasani, waliingia katika harakati za uhuru hata kabla ya wanaume wengi wenye kazi za serikali kuthubutu kukata kadi.

Baada ya uhuru dai hilo halikuzimika. Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mwaka 1967, katika Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alieleza waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote, ilhali wanaume wa huko hupumzika nusu ya maisha yao. Mwaka huohuo, katika andiko lake juu ya ujamaa vijijini, aliitaja hali duni ya mwanamke kuwa miongoni mwa kasoro za maisha yetu ya jadi. Maneno hayo yalisemwa na mtu aliyeipenda jadi hiyo kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo yalikuwa na uzito.

Ikafuata Sheria ya Ndoa ya 1971, ya Tanzania Bara. Sheria hiyo ilimpa mwanamke aliyeolewa uwezo wa kumiliki mali kama mumewe, ikakataza mume au mke kumpiga mwenziwe kwa kisingizio cha kumwadhibu, na ikatambua kwamba kazi ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini je, kupika, kulea na kuchota maji ni kazi? Mahakimu walihitilafiana. Wengine walisema hayo ni wajibu wa mke tu, hayana malipo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la baba yake na kuliuza. Watu wa ukoo walidai kwamba kwa mila mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alikataa, akishika Haki za Binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Alitaja pia mikataba ya mataifa, wala hapana aibu katika kuazima. Aibu ni kuazima cha jirani huku umesahau kilichomo ghalani mwako.

Hukumu zote mbili zilitolewa kabla ya Beijing. Na hata huko Beijing, Katibu Mkuu wa mkutano alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella.

Sasa tutazame lugha ya mjadala wa leo. Wazee wa TANU walisema ukombozi, neno lililomwita mwanamume na mwanamke kusimama upande mmoja. Leo tunasikia mfumo dume. Katika Kiswahili dume ni mnyama, au ni sifa ya mtu shujaa. Kwa hiyo msikilizaji mmoja hulipokea neno hilo kama tusi, na mwingine kama sifa. Kwa vyovyote, hakuna anayefikishwa kwenye jambo lenyewe. Neno likikosa adabu, hoja nzuri hufungiwa mlango.

Kasoro ya pili ni kuhesabu viti. Ni jambo jema kwamba mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge, na kwamba mwaka 2021 mwanamke, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais. Lakini viti vingi kati ya hivyo hutokana na orodha za vyama, si kura za wananchi majimboni. Na wakati viti vikihesabiwa, Sheria ya Ndoa iliendelea kuruhusu msichana wa miaka 15 aolewe, ilhali mvulana hutakiwa awe na 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Basi wingi wa wanawake barazani, peke yake, haukumwokoa binti yule.

Simpingi anayedai usawa. Ninachopinga ni usawa unaopimwa kwa istilahi na idadi, ukaacha jasho. Mwenye kutaka kujua hali ya mwanamke na aende kijijini msimu wa mavuno, aulize: nani alipalilia, nani aliuza, fedha iko mkononi mwa nani, na mume akifa, shamba litabaki kwa nani? Hayo ndiyo yaliyoulizwa mwaka 1967, na ndiyo yaliyojibiwa mahakamani mwaka 1983 na 1990. Asiyeyajua hayo, awe mtetezi au mpinzani, huyaanza upya yaliyokwisha anzwa, na mjane aliye shambani huendelea kungoja.