Kazi inapokufuata nyumbani: mazoea madogo ya kupunguza msongo

Msongo wa kazi ni hali ya mwili na akili kulemewa na majukumu. Huenda unaumwa kichwa mara kwa mara, unakosa usingizi, unasahau mambo au unawakasirikia watoto bila sababu.

Ikiwa wewe ni mkalimani, mwalimu au mhudumu wa afya wa jamii katika makazi ya wakimbizi, unaishi miongoni mwa watu unaowahudumia. Ofisi ikifungwa, shida zao bado zinakubishia hodi. Mazoea haya yanaweza kukusaidia.

Tulia kabla ya kuingia nyumbani. Simama dakika mbili. Kandamiza nyayo ardhini, nyoosha mikono, pumua polepole. Angalia kilicho mbele yako na usikilize sauti zilizo karibu.

Litaje wazo linalokusumbua. Jiambie: "Naona wazo zito limenijia." Usipigane nalo. Kisha rudisha akili kwenye unachofanya, iwe ni kupika au kuoga.

Weka mpaka wa saa. Jirani akija usiku kuulizia kadi ya mgao, mwambie kwa upole: "Njoo kesho asubuhi ofisini, tutaliangalia pamoja." Lakini ukatili, mtoto aliyepotea au mgonjwa mahututi havingoji kesho, mwelekeze mara moja panapotolewa msaada.

Zungumza na mwenzako. Mara moja kwa siku, mweleze mfanyakazi mwenzako jinsi unavyojisikia. Usitaje jina la mtu uliyemhudumia wala siri yake.

Mbinu mbili za kwanza zimo katika mwongozo wa kukabiliana na msongo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2020. Kozi inayoendana na mwongozo huo ilifanyiwa utafiti uliohusisha wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini, katika makazi ya Rhino Camp nchini Uganda. Kozi ilikuwa na vikao vitano vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa, kimoja kila wiki. Miezi mitatu baadaye, waliopata kozi walikuwa na msongo mdogo kuliko wale ambao hawakuipata.

Mazoea haya hayaongezi posho wala hayapunguzi idadi ya wanafunzi darasani. Ikiwa kazi imezidi uwezo wenu, orodhesheni majukumu yenu na mwende kwa msimamizi pamoja. Kulemewa na kazi nyingi si udhaifu wako.

Tafuta msaada ikiwa dalili zinaendelea zaidi ya wiki mbili, huwezi kufanya shughuli zako za kawaida, au unategemea pombe ili ulale. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usibaki peke yako: mwambie mtu unayemwamini akupeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mwenzako akikuambia hivyo, msindikize.