Michezo ya EAPCCO: Kwa nini polisi wa nchi jirani hukutana uwanjani

Kila tukisoma habari za askari wetu kwenda kushindana nje ya nchi, simu zinaingia studio na swali ni lilelile: ng'ombe wameibiwa, polisi wako kwenye mbio za kijiti? Swali ni la haki, tukaona tulijibu na kwa maandishi.

EAPCCO ni umoja wa wakuu wa polisi wa nchi za Mashariki mwa Afrika. Ulianzishwa Kampala mwaka 1998 na sekretarieti yake ipo Nairobi, kwenye ofisi ya kanda ya Interpol. Tanzania ni mwanachama. Kazi yake ya kwanza si michezo bali uhalifu unaovuka mipaka: silaha haramu, dawa za kulevya, usafirishaji wa binadamu, na hili linalotugusa sisi wafugaji wa Terrat, wizi wa mifugo. Mwaka 2008 ilitiwa saini itifaki ya kupambana na wizi huo, ikiwa na habari ya kuweka alama na kumbukumbu za mifugo ili mnyama aliyevushwa mpaka aweze kutambulika.

Michezo ilikuja baadaye: Kampala 2017, Dar es Salaam 2018, Nairobi 2019. Korona ikasimamisha kila kitu, kisha Kigali 2023. Kuna soka, riadha, ndondi, taekwondo, kulenga shabaha, hata kuvuta kamba.

Sasa, inamsaidia nini mfugaji? Wakuu wenyewe husema lengo ni askari kufahamiana. Sisi tunaona hoja ina uzito. Barua ya kupitia makao makuu mawili huchukua siku, na ng'ombe akishavuka Namanga hasubiri barua. Askari anayemfahamu mwenzake wa upande wa pili anaweza kuanza kwa simu. Lakini tuseme kweli, medali peke yake hairudishi hata ndama.

Usichanganye haya na michezo ya dunia ya polisi na zimamoto, iliyoanza San Jose, California, mwaka 1985 na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Ya 2025 ilikuwa Birmingham, Alabama. Huko hata wastaafu hushindana kwa makundi ya umri, na wazimamoto hukimbia kupanda ngazi za ghorofa na mavazi yao mazito ya kazi. EAPCCO ni ya polisi.

Na polisi wa kanda hii si wa kubeza uwanjani. John Akii-Bua wa Uganda alikuwa polisi aliposhinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Munich 1972, kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Joshua Cheptegei naye ni polisi, na Faith Kipyegon wa Kenya pia.

Mifugo ikiibiwa, toa taarifa mapema kwa polisi kata wako au piga 112. Moto ni 114. Namba zote mbili ni bure.